Kaka ukutani: shajara ya ramani ya neno moja

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mradi umeanza leo kwa hasara. Nilinunua manila kumi nyeupe, nikaziunganisha kwa gundi ya maji, na kabla ya adhuhuri mbili zilikuwa zimejikunja kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Fundi fremu wa jirani alicheka, akanipa selotepu pana, akasema bandika kwa nyuma, acha utaalamu. Sasa nina ramani ya dunia yenye upana wa mita mbili na nusu, nimeichora kwa mkono. Australia imefanana na kiatu kilichokanyagwa na lori, lakini itafaa.

Kazi yenyewe ni ramani ya neno moja, *kaka*, itakayokaa kwenye ukuta wa chumba cha kusomea cha vijana hapa mtaani kwetu, Tanga. Kila lugha yenye neno hilo inapata pini na kikaratasi cha maana. Pini mbili zenye undugu wa kweli zinaunganishwa kwa uzi mwekundu. Zilizofanana sauti tu hazipati uzi. Nimejiapiza kutovunja sheria hiyo, ingawa najua ukuta wenye nyuzi nyingi ndio unaowavuta watoto.

Kwa nini kaka? Nilipokuwa na miaka minane hivi, mama alinituma duka la vitambaa la Wahindi. Mtoto wa kike wa rika langu akatoka nyuma ya pazia, akamwita mzee aliyekaa penye sanduku la fedha: "Kaka!" Mzee ana mvi hadi za nyusi. Nilirudi nyumbani nikamshtaki yule mtoto kwa mama, kwamba hana adabu, mtu mzima yule anamwita kaka. Mama akasema huenda ni kaka yake kweli, wengine huzaliwa nyumba moja wakapishana miaka arobaini. Nilikuja kujua ukubwani kwamba kwa Kigujarati *kākā* ni ndugu wa kiume wa baba, yaani ami, na kwa heshima mzee yeyote wa rika la baba. Mtoto wa watu alikuwa na adabu zake kamili. Asiyekuwa na kitu ni mimi, sikuwa na kamusi.

Jumapili, 12 Januari

Nimeanzia nyumbani, na nyumbani tu nimepata manne kabla sijavuka mpaka wowote.

La kwanza ni la kila siku: ndugu wa kiume mkubwa. Siku hizi limetanuka hadi kwa muuza mitumba na dereva wa bodaboda ("kaka, niache hapo kwenye mwembe"), na shuleni lina cheo, kaka mkuu. La pili ni ganda tupu: kaka la yai, kaka la chungwa lililokwisha kukamuliwa. La tatu ni ule ugonjwa wa kidole kuvimba pembeni ya ukucha, ukapwita usiku kucha hadi ukatamani kukikata. La nne limejificha ndani ya neno refu: kakakuona.

Kwa kakakuona nimekaa jioni nzima. Wengi tumesimuliwa habari zake. Akionekana kijijini anawekewa vitu mbele yake, maji, nafaka, silaha, kisha watu wanatazama ataelekea wapi. Akienda kwenye maji, mwaka wa mvua. Akienda kwenye silaha, shari. Kwa hiyo jina linajieleza lenyewe: kaka ameona. Niliamini hivyo tangu utotoni na sikuona sababu ya kuuliza.

Lakini shuka Zambia kwa Wabemba: mnyama huyo ni *nkaka*. Nenda kwa Waluba wa Kongo: *nkaka* vilevile, na jina hilo wamelipa pia pambo lao la kichwani la shanga, linalovaliwa na watu wa chama cha Mbudye, watunza historia ya ufalme wao. Fika kwa Watswana: *kgaga*. Hakuna kati yao aliyemwita hivyo kwa sababu ya ndugu wa kiume aliyeona jambo. Ni jina la kale la Kibantu la mnyama mwenye magamba. Sisi maana yake ilitupotea, tukabaki na sauti, na ndani ya sauti tukamsikia kaka yetu.

Pini nne, na uzi mwekundu wa kwanza umeshuka kutoka Tanga hadi Gaborone. Nimefurahi kama mtu aliyenasa samaki, halafu nikakumbuka kwamba samaki mwenyewe siye niliyemfuata. Ndugu wa kiume hana kiti kwenye uzi huu.

(Kwa herufi ndogo chini ya pini nimeandika kwamba magamba yake ni keratini, kitu kilekile cha kucha zetu, na kwamba mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa Johannesburg wa 2016 ulizuia biashara ya kimataifa ya aina zake zote 8. Haihusu lugha. Nimeiandika hata hivyo.)

Mpwa wangu aliyekuwa akinikatia uzi ameuliza kama ganda la yai na kakakuona si neno moja, maana mnyama naye ni ganda linalotembea. Ameuliza vizuri kuliko nilivyowaza mimi. Limeingia kwenye daftari, ukutani bado.

Jumatano, 15 Januari

Pini zimekwisha. Dukani wanauza za kushonea tu, zinapinda. Nimetumia vijiti vya meno.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimepata familia nzima.

Kipunjabi: *kākā* ni mtoto mdogo wa kiume. Ndiyo maana mwigizaji Rajesh Khanna, ambaye wazazi wetu walipanga foleni kumtazama, aliitwa Kaka na mashabiki wake. Hawakumwita kaka yao, walimwita "kitoto". Kiswahili: ndugu mkubwa. Kigujarati na Kimarathi: ami. Kikechua, lugha ya Wainka inayozungumzwa hadi leo Peru na Bolivia: *kaka* ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama, wala si wa baba. Kihausa: *kaka* ni babu, na ni bibi pia, neno halichagui. Kijapani cha mitaani: *kaka* au *kakaa* ni mama wa nyumba, mke.

Yaani ukiwakusanya Mpunjabi, Mswahili, Mgujarati, Mkechua, Mhausa na Mjapani kwenye mkeka mmoja na kusema "kaka" mara moja tu, anaitika mtoto, anaitika kijana, wanaitika ami na mjomba, wanaitika babu na bibi, na kutoka jikoni anaitika mama. Hakuna atakayebaki isipokuwa baba. Baba wa watu ana neno lake, nitamrudia.

Pini ya Kijapani nimeipenda kuliko zote. Wana msemo *kakaa denka*, utawala wa mke, unaosemwa hasa kuhusu mkoa wa Gunma, ambako wanawake walifuga viwavi wa hariri na kufuma, na fedha ya nyumba ikawa inaingia kwa mikono yao. Msemo huo ulikuwa wa kuwatania wanaume wa huko. Mwaka 2015 serikali ikauingiza, pamoja na historia ya hariri ya Gunma, kwenye orodha ya urithi wa taifa. Herufi yenyewe inayoandika neno hilo imeundwa kwa herufi ya "mwanamke" na ya "pua" pembeni. Nimeichora mara tano ikafanana na kibanda kinachoanguka. Mara ya sita mpwa akaninyang'anya kalamu, akaichora sawasawa.

Kosa la leo: kwenye kikaratasi cha Kikechua niliandika "mjomba, pia jabali". Si kweli. Jabali ni *qaqa*, na hiyo *q* inatamkwa kooni. Mtu aliyepita chuo cha Kurani asingefanya kosa hili. Sote tulichapwa ili tutofautishe *qalb*, moyo, na *kalb*, mbwa. Nimelichana, nimeandika upya.

Jumapili, 19 Januari

Jana usiku, baada ya kuandika hapo juu, nilifanya jambo ambalo leo nimelifuta. Nilifunga uzi mwekundu kutoka Kano, kwa Wahausa, hadi Tanga.

Ulikuwa unavutia mno. Afrika kwa Afrika, ndugu mkubwa kwa babu, wote wakubwa wa nyumba. Nilijiambia kwamba zamani walikuwa neno moja. Asubuhi nikanywa chai nikajiuliza maswali ya kawaida. Kihausa ni cha ukoo wa Kiafrika-Kiasia, ndugu zake ni Kiarabu, Kiamhari na Kiebrania. Kiswahili ni cha Kibantu. Je, watu wa Kano na watu wa pwani hii waliwahi kuishi pamoja kiasi cha kuazimana majina ya ndugu wa damu? Je, lugha za katikati, kutoka Chad hadi Unyamwezi, zimeachiwa alama yoyote ya neno kupita? Mtu haazimi jina la babu kwa barua. Nikaukata.

Kihausa chenyewe kimeniongezea ushahidi dhidi yangu: kwa maandishi yaleyale, *kaka* ni pia majira ya mavuno. Kama neno linaweza kuota mara mbili katika shamba moja bila uhusiano, litashindwaje kuota katika mashamba mawili?

Bado naona tundu la pini kwenye manila. Nimebandika kikaratasi juu yake.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya kusoma, hakuna pini.

Mwanaanthropolojia George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya "mama" na "baba" kutoka lugha za dunia nzima. Mwanaisimu Roman Jakobson akayachukua na kueleza kilichomo. Maneno ya mama yenye sauti za puani kama *m* na *n* yalikuwa asilimia 55. Ya baba asilimia 15 tu. Maelezo yake yanaanzia kwenye ziwa. Mtoto akinyonya, mdomo umeziba, sauti pekee inayoweza kutoka inapitia puani. Baadaye anaitoa hiyohiyo akiona chakula, kisha akimwona mwenye chakula. Wazazi wanasikia "mama", wanapiga vigelegele, na lugha inapata neno. Kwa hiyo *mama* ya Kiswahili na *māma* ya Kichina hazihitaji jahazi la kuziunganisha. Kila kizazi kinazitunga upya palepale kitandani.

Ila Kijojia, lugha ya nchi ya Georgia, kimemgeukia kila mtu: *mama* ni baba, na *deda* ni mama. Nimecheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia.

Sasa kuhusu kaka, na hili ni langu, msimbebeshe Jakobson. Sauti za midomo, *m* na *b*, ndizo za mwanzo kupata maana kwa mtoto, na zimekwisha kugawiwa wenye nyumba: mama, baba. *K* inatoka nyuma, kwenye kaakaa, na watoto wengi wanaichelewa. Mpwa wangu huyuhuyu mchora herufi alikuwa akimwita kaka yake "tata" hadi karibu miaka mitatu. Sauti inayokuja baadaye inagawiwa watu wa safu ya pili: kaka, ami, mjomba, babu. Ndiyo maana mkekani baba alikosa wa kumwita. Yeye alikwisha kuhudumiwa mapema.

Jumapili, 2 Februari

Nimekwepa swali la nyumbani kwa wiki tatu: kaka yetu sisi ametoka wapi?

Nilianza na imani kwamba ni Mbantu halisi. Kuna neno gani la nyumbani zaidi kuliko hili? Lakini Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno jingine, *umbu*. Umbu ni ndugu wa jinsia nyingine: kwa mwanamume umbu lake ni dada, kwa mwanamke umbu lake ni kaka. Wasukuma wanalo hadi leo, *ilumbu*. Waganda nao wana mpango uleule kwa neno jingine, *mwannyinaze*, analoitwa kaka na dada yake, na dada na kaka yake. Mfumo wa Kibantu hauulizi tu "huyu ni mume au mke?" Unauliza "huyu na anayesema ni wa jinsia moja?" Kaka na dada haviulizi hivyo. Kaka ni mwanamume, basi, amwite yeyote. Mfumo huo una harufu ya ugenini.

Nikavuka bahari. Kwa Kiajemi *kākā* ni ndugu mkubwa wa kiume. Shiraz wanaitana hivyo bado. Kwa Wakurdi *kak* au *kaka* ni kaka mkubwa na ni neno la heshima kwa mwanamume yeyote, na jamii yao moja ya dini huko Iraki inaitwa Kaka'i, wana udugu. Ukienda mashariki hadi Kabul neno linapanda ngazi, linakuwa ami, na ukiteremka Gujarat unamkuta ami yuleyule wa duka la vitambaa.

Kilichonishtua ni kwamba kākā wa Kiajemi hatembei peke yake. Ana mwenzake wa kike, *dadā* au *dade*, dada au yaya. Neno moja kufanana ni bahati. Mawili yanayofanana, yakiwa jozi, yenye kazi ileile, upande wa pili wa bahari ambayo upepo wa kaskazi umetuvushia maneno ya Kiajemi kama bandari, serikali na nairuzi (mwaka mpya)? Hapo bahati inaanza kuomba msaada.

Sheria yangu inasema uzi mwekundu ni wa uhakika. Hapa sina uhakika wa aina hiyo, nina mwelekeo. Kwa hiyo nimenunua uzi wa rangi ya chungwa, rangi ya "naegemea hapa", na nimeufunga kutoka Shiraz hadi Tanga, na mwingine kutoka Shiraz kupitia Kabul hadi Gujarat. Shiraz na Wakurdi nimewapa mwekundu, lugha zao ni ndugu wa kweli.

Nilidhani siku imeisha hapo. Haikuisha. Katika nyumba za matajiri wa Iran wakati wa wafalme wa Qajar, watumwa weusi wa nyumbani walikuwa na majina mawili: mwanamume *kākā siyāh*, kaka mweusi, mwanamke *dade siyāh*, dada mweusi. Wengi wao walitoka pwani hii na bara nyuma yake, wakapitishwa Unguja na Oman, wakashushwa bandari kama Bushehr. Sheria ya kukomesha utumwa Iran ni ya 1929, na mtu aliyezaliwa mwaka ule alikuwa bado kijana wakati wa uhuru wa Tanganyika. Kwa hiyo kwenye bahari ileile ambayo huenda neno lilikuja kwetu kama la mapenzi, watu wetu walikwenda na huko wakakabidhiwa neno hilohilo kama jina la kazi. Kaka usiyeweza kumkatalia, na asiyeweza kuondoka.

Nilikaa muda mrefu na uzi wa chungwa mkononi. Nimeuacha, lakini pini ya Bushehr nimeiwekea kikaratasi cha peke yake, na sitamwachia mpwa kukisoma peke yake. Nitakaa naye.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya Jumapili ile nilihitaji siku ya kucheka, na Ulaya imenipa.

Kiswidi: *kaka* ni keki. Wingi *kakor*, na hata vile vijifaili ambavyo tovuti zinakuomba ruhusa kukupandikizia wanaviita *kakor*. Waswidi wakavuka na neno hilo hadi kwa Wafini, likawa *kakku*. Lakini Wafini walikuwa nalo jingine karibu yake, *kakka*, ambalo ni mavi ya mtoto. Irabu moja tu ya mwisho inatenganisha harusi na nepi.

Hiyo kakka ina ndugu wengi wa sauti: Kifaransa na Kihispania *caca*, Kiitaliano *cacca*, Kilatini *cacare*. Mama anayemwambia mtoto "kaka!" jijini Madrid anamtaka aache kushika uchafu. Ukitua huko, usimpungie mtu mkono kwa kelele ukimwita ndugu yako.

Mpwa akadakia: "Mjomba, mbona Kaká wa Milan hayumo?" Kweli hayumo. Ricardo Izecson dos Santos Leite, mshindi wa Mpira wa Dhahabu 2007. Mdogo wake Rodrigo alishindwa kutamka "Ricardo", ikatoka Kaká, na mkazo wa mwishoni. Hapo nikashika kichwa. Wiki mbili nimesoma nadharia za jinsi watoto wanavyotunga majina ya ndugu, na mfano hai ulikuwa umevaa jezi namba 22 sebuleni kwetu. Mtoto wa Brazili, bila kujua, alimpa kaka yake jina ambalo kwetu maana yake ni kaka. Amepata pini ya dhahabu. Uzi hana, na hahitaji.

Halafu keki. Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari nikarudi. Kaka ya Waswidi ni ileile ya lugha ya mabaharia wa kale wa kaskazini waliovamia Uingereza na kuhamia huko. Waliiacha kwenye lugha ya Waingereza, ikawa *cake*. Waingereza wakaileta hapa, tukaiandika *keki*. Uzi mwekundu, wa uhakika kabisa, kutoka Stockholm kupitia Uingereza hadi Tanga! Tangu mwanzo natafuta kaka aliyevuka bahari akaingia Kiswahili, na yupo, ila alibadilisha nguo njiani na tunamkata kwa kisu siku ya kuzaliwa.

Kijapani tena, kwa haraka: *kakka* yenye *k* mbili ni "mheshimiwa", ya kumwitia balozi au jenerali. Hii haikutoka mdomoni mwa mtoto bali kwenye maandishi ya Kichina, maana yake ya awali ni "chini ya roshani": husemi na mkubwa uso kwa uso, unasimama chini ya roshani yake. Wakorea wanayo pia, *gakha*. Kwa hiyo Tokyo peke yake, urefu wa sauti moja unakutoa jikoni hadi ikulu.

Jumapili, 9 Februari

Kimaori: *kākā* ni kasuku wa msituni, wa kahawia na mwekundu chini ya mbawa, na jina ni kelele yake yenyewe. Sisi tuna kunguru, tunajua ndege wanavyojitaja. Ukiongeza *pō*, usiku, unapata *kākāpō*, kasuku wa usiku, mnene, asiyeruka. Mwaka 1995 walibaki 51 duniani, wakihesabiwa mmoja mmoja na kupewa majina. Fiji nao kasuku ni *kaka*. Uzi mwekundu, Fiji hadi Nyuzilandi.

Kimalei: *kakak*, ndugu mkubwa, hasa dada. Hapa nilijaribiwa kwa mara ya pili. Watu wa ukoo wa lugha hizo walivuka Bahari ya Hindi nzima wakafika Madagaska, na Kimalagasi ni cha ukoo huo hadi leo. Daraja limejengwa lenyewe: Borneo, Madagaska, Ngazija, pwani yetu. Nilikuwa nimeshakata uzi wa urefu huo. Kisha nikaangalia Wamalagasi wanamwitaje ndugu mkubwa. *Zoky.* Neno limekosekana kwenye daraja lenyewe. Uzi nimeufungia mfuko wa sukari.

Lakini Wamalei wamenipa zawadi nyingine. Wana ndege, *kakatua*, kasuku mwenye kishungi. Na wapo kati yao wanaosikia ndani yake *kakak tua*, dada mkubwa mzee. Sisi na kakakuona, wao na kakatua. Bahari nzima katikati, na pande zote mbili watu wamemtazama mnyama wakamsikia ndugu.

Jumamosi, 22 Februari

Imebandikwa. Vijiti vya meno kumi na nane, pini za kweli sita, uzi mwekundu wa aina nne, wa chungwa mmoja wenye matawi mawili. Vijana wamekuja zaidi kwa soda kuliko kwa isimu, lakini kundi la wasichana lilikaa mbele ya Ufini kwa dakika nzima likisukumana. Mtoto mmoja ameleta kaka la yai akaomba libandikwe kwenye Tanga. Nimelibandika, halijavunjika hadi sasa.

Saa kumi na moja aliingia mzee wa duka la vitambaa. Si yule wa utotoni, huyo alikwisha kufariki. Huyu ni mtoto wa kaka yake, naye sasa ana mvi hadi za nyusi. Nilikuwa nimemtumia salamu bila kutegemea.

"Karibu, Kaka," nikamwambia, kwa Kigujarati.

"Ahsante, kaka," akanijibu, kwa Kiswahili.

Akasoma ukuta wote taratibu, mikono nyuma. Bushehr alisimama. Kwenye keki alitabasamu. Alipofika Gujarat akakunja uso. Pini nilikuwa nimeichoma Ahmedabad kwa sababu ndiyo mji niliokuwa na uhakika wa mahali pake. Akasema babu yao alipanda jahazi Porbandar, huko Ahmedabad hawamjui mtu. Bila kuomba ruhusa akang'oa kijiti, akakichoma upya pembeni ya bahari.

Uzi wa chungwa umekuwa mfupi kwa sentimita mbili. Jumatatu nitaufungua kutoka Kabul niufunge tena.